Gango: neno la babu lililonirudia wodini

Babu yangu hakuwahi kutamka neno klampu, kile kifaa cha kubania mbao mpaka gundi ikauke. Alikuwa seremala Ngamiani, Tanga, karakana yake kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na kila akishapaka gundi kwenye kiungo cha kiti alikuwa ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka anasema "gango", basi, neno moja tu, na mimi mtoto wa miaka tisa ndo saidia fundi wake wa jumamosi nakimbia ukutani kulitungua. Lilikuwa la mbao, la mvule, taya mbili nene kama mkono wangu wa wakati ule na parafujo mbili za mbao zinazopita katikati, hesi zake, ile mifereji inayoizunguka parafujo, zimechongwa kwa mkono, na ukizizungusha zinalia ile sauti ya mbao kavu juu ya mbao kavu mpaka leo naisikia. Alikuwa nayo manne ya hivo. Mengine yote yalikuwa ya kuunga unga, kamba na kijiti cha kusokotea, kabari mbili zinazopishana, na mipira ya tyubu za baiskeli iliyokatwa kama utepe mrefu, ule mpira unauvuta unauzungushia kwenye mguu wa kiti mara kumi na tano na unabana kuliko chuma. Na yote aliyaita gango. Kamba ni gango, mpira ni gango, kabari ikikaa kazini ni gango. Nilikuwa najua hilo ni jina la kifaa, kumbe babu alikuwa anataja kazi inayofanywa.

Nimeandika hii makala kwa sababu ya hilo neno tu. Nililipoteza miaka kama kumi na tano hivi, afu likanirudia mahali ambapo sikutegemea kabisa, na tangu siku hiyo sijaweza kunyamaza nalo.

Nililipoteza chuo. Baada ya kidato cha nne nilienda kusoma useremala kwenye chuo kimoja cha ufundi, sitakitaja, na wiki ya kwanza kabisa mwalimu akatuuliza vifaa vya kubania mbao tunavijua vipi, mi nikanyoosha mkono kwa furaha nikasema magango. Darasa likacheka. Mwalimu akasema hayo ni mambo ya waganga wa kienyeji, hapa tunasema klampu, kaa chini. Nikakaa. Na kwa kweli nikaliweka lile neno pembeni kama mtu anavyovua ndala mlangoni, sikulitumia tena, hata nikirudi likizo babu akisema gango mi naitikia "hii klampu babu?" na yeye alikuwa ananitazama tu anapokea. Hilo mpaka leo linaniuma.

Pale chuo kulikuwa na maneno mengi na nisiwe mchoyo, nayo yana utamu wake. Kile kikubwa kilichofungwa juu ya meza kwa bolti kila mtu alikiita vaisi, ila kwenye karatasi za mtihani kinaandikwa jiliwa. Ukifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu jiliwa lipo, ni kile kifaa cha fundi cha kubania kitu ili akipige tupa au akikate kwa msumeno, wingi majiliwa, ila karakana nzima nilimsikia mtu mmoja tu akilitamka kwa mdomo, mzee mtunza stoo. Vijana tulikuwa tunadhani limetokana na kula, yani kitu "kinachojiliwa" kwa meno yake yale ya chuma, tulikuwa tunajitungia maana kwa masikio. Afu kulikuwa na zile ndogo za chuma zenye umbo la herufi, Waingereza wanaita kwa herufi G na Wamarekani kwa herufi C, kifaa kilekile ila kila mmoja kakiona kwa herufi yake. Sisi tulichukua ya Kiingereza ikawa jiklampu. Na Kiswahili kikafanya kazi yake hapohapo, maana ji- kwetu ni la ukubwa, jitu, jiji, joka, basi wanafunzi wakaanza kusema jiklampu kwa zile kubwa tu, na ile ndogo ya inchi mbili wakaiita kiklampu. Hakuna mtu aliyewafundisha. Lugha yenyewe ilishika neno la watu ikalipigia randa mpaka likakaa kwenye kiungo chake. Hata parafujo lenyewe ambalo babu alilitamka kama la kwao ni parafuso la Wareno, limekaa kwenye pwani hii mpaka limesahau lilikotoka.

Sasa kilichonirudisha kwa babu ni ajali. Mdogo wangu aliangushwa na bodaboda, mguu wa kulia, mfupa wa muundi ulivunjika na ncha yake ikatoka nje ya ngozi. Hospitali wakasema hapa hatuwezi kufunga hogo, ile plasta ngumu, kwa sababu kuna kidonda, kidonda kinataka kusafishwa kila siku na ukikifunika na hogo kitaoza ndani, basi wakamwekea vyuma vya nje, wodini wenyewe wanaviita antena. Kama hujawahi kuona nakueleza. Wanatoboa mfupa juu ya pale palipovunjika, pini mbili au zaidi, na chini yake vilevile, pini zinatoka nje ya ngozi, afu pembeni ya mguu wanalaza fimbo ya chuma na kila pini inabanwa kwenye hiyo fimbo kwa kifungio chenye nati. Mtu analala na chuma nje ya mguu wake kama kiti kinachosubiri gundi ikauke.

Na hilo ndo jambo la kwanza nililoliona, mi fundi jamani, siwezi kuangalia kitu kama kile bila kuangalia kinabana wapi. Nilikaa pembeni ya kitanda nikawa nakagua zile nati, nikaona ni magango. Nilisema kwa sauti. Mdogo wangu akauliza nini, nikamwambia kaka hii ni kazi ya babu hii.

Siku ya tatu daktari alipita, kijana mpole, nikamuuliza hivi hizi nati mnazikaza kiasi gani, mfupa hausagiki? Akanijibu jibu ambalo nimelibeba tangu siku hiyo, alisema "Sisi hatuungi mfupa kaka, mfupa unajiunga wenyewe, sisi tunauzuia usicheze tu." Akaendelea na kitanda kingine. Mi nikabaki nimeduwaa maana hayo ni maneno ya babu kabisa kabisa. Babu alikuwa anasema gundi ndo inaunga, gango kazi yake kuzuia mbao isicheze. Nikatoka nje nipate hewa, na kwenye korido nikapita mlango umeandikwa kibao MGANGA MFAWIDHI, yani daktari msimamizi wa hospitali. Nilishapita pale mara tano sijakisoma. Safari hii nikasimama. Mganga. Gango. Yani lile neno lililochekwa darasani kuwa ni la waganga, kweli lilikuwa la waganga, mwalimu alikuwa sahihi bila kujua, ila alilitupa kwa sababu ileile iliyopasa kumfanya aliokote.

Ngoja nilifungue sasa. Kitenzi ni kuganga. Leo ukimuuliza mtu mtaani kuganga ni nini atakwambia kutibu, na wengi watafikiria tunguri na hirizi. Lakini fungua kamusi za zamani, ya Madan ya 1903 na ya Johnson ya 1939 iliyojengwa juu yake, utakuta kuganga kunaanzia mbali na dawa kabisa, maana ya kwanza ni kufunga, kukaza pamoja, kuunga kitu kilichovunjika, na kutibu mgonjwa kunakuja baada ya hapo. Na gango ni kile kinachofanya hiyo kazi, kinachoshikilia vitu viwili vikae mahali pake, iwe ni banzi la kufungia mkono uliovunjika au chuma cha kubania mbao. Wingi magango. Kikiwa kidogo ni kigango. Kwa hiyo seremala na mganga walikuwa wanatumia neno moja kwa kifaa kimoja, na hakuna aliyemwazima mwenzake, walikuwa wanafanya jambo lilelile.

Na ukifikiria maisha ya zamani inaeleweka. Watu wa pwani walikuwa na vyombo, mlingoti ukipasuka baharini unafanyaje? Unaulazia ubao pembeni, unaufunga kamba, unaendelea na safari, umeuganga. Mkono wa mtoto ukivunjika amedondoka kwenye mwembe unafanyaje? Unaulazia vijiti vya mianzi pembeni, unaufunga kitambaa, umeuganga. Mtaani kwetu alikuwepo bibi mmoja aliyekuwa anaunga mifupa, watu walitoka mpaka Muheza kumfuata, na mabanzi yake alikuwa anachongewa na babu! Hilo nililijua tangu utoto na sikuwahi kulifikiria mara mbili. Alikuwa anakuja na kipimo cha urefu kwenye uzi, babu anachonga vipande vinne vyembamba, anavipiga msasa visichubue, na yule bibi akija kuchukua anauliza "vigango vyangu tayari mume wangu?" kwa utani wao wa wazee, na babu anaitikia tayari. Vigango. Masikio yangu yalisikia.

Kuna mtepe pia, siwezi kuandika habari za kufunga na kuunga nikauacha mtepe. Chombo cha watu wa visiwa vya Lamu, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za nazi, hakina hata msumari mmoja wa chuma, tanga lake la mkeka lenye pembe nne, na kilikuwa kinabeba mizigo pwani yote hii kabla jahazi halijachukua nafasi yake. Chombo kizima kimesimama kwa kufungwa. Watu waliojenga hicho hawakuwa na sababu ya kutenganisha kufunga na kuponya, kamba ikilegea bahari inaingia na watu wanakufa.

Na neno halikuanzia pwani. Mganga ni miongoni mwa maneno ya zamani mno katika lugha za Kibantu, wanaisimu wanaolinganisha lugha hizi wamelikuta kila upande. Wakongo wana nganga, Kilingala wanamwita daktari monganga, kule Malawi ni sing'anga, Washona wana n'anga. Limevuka hata bahari na watu waliochukuliwa utumwani, Cuba mpaka leo kuna dini ya watu wenye asili ya Kongo na chungu chao kitakatifu wanakiita nganga. Nikiwaza kwamba mtu kanyang'anywa kila kitu, jina lake, ndugu zake, na bado hili neno likafika naye upande wa pili wa Atlantiki, mwili unanisisimka.

Hapa kwetu limekaa kwenye mdomo wa kila siku hata kama hatulisikii. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Watu wanaisema kwenye kusuluhisha ndoa, kwenye siasa, na nadhani wengi wanadhani maana yake ni tutazame mbele tu. Ila soma tena, ndwele ni ugonjwa, tugange ni tutibu, tufunge, methali inasema kazi ya kufunga bado ipo na ipo mbele. Afu kuna kuganga njaa. Mama anachemsha uji wa chumvi watoto wapate kulala, huyo anaganga njaa, hajaiponya ila kaizuia mpaka kesho. Ni gango lilelile. Na cheo cha juu cha udaktari serikalini Tanzania ni Mganga Mkuu wa Serikali, mtu aliyesoma miaka na miaka, na hakuna anayecheka. Kwa nini basi mtoto wa seremala akisema gango achekwe na darasa zima?

Nina binamu yangu yuko Maskati, anafanya kazi kwenye karakana ya milango, nikamtumia sauti kumuuliza wao wanaitaje. Akanijibu bosi wake akitaka ile ya mezani anasema milzama. Nikalirudia mara mbili tatu mdomoni afu nikasimama. Milzama, lazima! Herufi za mzizi ni zilezile, lam, zay, mim, ndo zimetupa sisi lazima na kulazimisha na ulazima, na kwa Waarabu zina ile maana ya kushikamana na kitu bila kukiacha. Kwa hiyo Mwarabu akiangalia kile kifaa anaona kitu kinachomlazimisha mwenzie akae. Mjerumani naye anaona hivohivo, klampu kwao ni Zwinge na zwingen ni kulazimisha. Mwitaliano anasema morsa, ni kung'ata. Mhispania ile ndefu ya kubania meza anaita sargento, sajenti, mtu wa kupanga watu mstari. Na vaisi yetu tuliyoichukua kwa Mwingereza yeye aliichukua kwenye Kifaransa cha zamani, vis, parafujo, na lile likatoka kwenye Kilatini vitis ambalo ni mzabibu, kwa sababu vile vikono vya mzabibu vinavyojisokota kwenye mti vinafanana na hesi. Hilo la mzabibu nimelipenda sana, ni zuri, mtu aliangalia mmea ukipanda akaona parafujo.

Ila nikiyaweka yote pamoja, kulazimisha, kung'ata, kuamrisha, kujisokota, naona wengi wao wamelitaja lile gango linavyofanana au nguvu linayotoa. Gango limetaja mbao inapata nini. Na siyo kwamba najisifia lugha yangu, ni kwamba kwa mtu anayefanya hii kazi hili ndo jina linalomfundisha kazi. Ukifundishwa kifaa chako kinang'ata, utakaza mpaka mwisho wa nguvu zako. Na hilo ndo kosa la kwanza la kila kijana anayeanza useremala, anadhani nguvu ndo inaunga. Anapaka gundi ya mbao, anaweka klampu, anakaza mpaka mishipa ya shingo inatoka, gundi yote inakamuliwa inachuruzika pembeni, anaifuta anafurahi, kumbe ndani hakijabaki kitu, kiungo kimekufa njaa. Miezi miwili kiti kinaanza kucheza. Inatakiwa ukaze mpaka uone ushanga mwembamba wa gundi umetokea sawasawa kwenye mstari wote wa kiungo, hapo simama. Weka kipande cha mbao chakavu katikati ya taya na kazi yako lisichubue. Pima kona kwa kona, hii na hii, zikiwa sawa fremu iko mraba, zikipishana legeza usukume urudie, maana gundi ikikauka imekauka na upotofu wake. Kama ni mtiki, huu wetu wa Longuza huko Muheza, futa kwanza kiungo kwa thina, mtiki una mafuta yake na gundi haishiki kwenye mafuta. Afu uache. Nusu saa au saa moja unaweza kulitoa gango kama kazi haibebi uzito, ila kiungo chenyewe kinataka siku nzima kabla hujakikalia. Babu alikuwa anakataza hata kuligusa. Nikienda kuchungulia alikuwa ananiambia mwache mgonjwa alale.

Mwache mgonjwa alale! Alikuwa ananiambia waziwazi.

Kuna neno moja zaidi nataka nilizungumzie kabla sijamaliza maana msomaji wa Kilifi au Malindi ameshaanza kujiuliza. Mkatoliki wa Tanzania akisikia kigango anaona kanisa dogo la kijijini chini ya parokia, lenye katekista wake. Lakini Mgiriama akisikia kigango anaona nguzo ya babu yake. Hivi ni vigango vya Wamijikenda, makabila ya pwani ya Kenya, Wagiriama wakiwemo, mbao ngumu ndefu kuliko mtu wakati mwingine, kichwa cha mviringo, mwili umechongwa pembetatu pembetatu, anasimamishiwa marehemu aliyekuwa kwenye chama cha Gohu, chama cha wanaume wenye mali na heshima. Na hakisimamishwi tu siku ya maziko. Marehemu anaweza kukaa miaka, afu anaanza kuja kwenye ndoto, watu wanaumwa, mambo ya nyumbani hayaendi, familia inaenda kwa mganga, na mganga anasema mzee anataka kigango. Kikishasimama hakihamishwi. Hata familia ikihama kinabaki palepale mpaka mchwa na mvua vikimalize.

Mimi nikilisikia neno lile nasikia kuganga ndani yake, siwezi kuzuia masikio yangu. Kuna kitu kimekatika kati ya waliokufa na walio hai, unakiwekea mti, unauacha usichezwe.

Na watu wameuchezea. Vigango vilianza kuibwa na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, mamia vikaishia Marekani kwenye sebule za matajiri na majumba ya makumbusho. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama amesimama karibu na vigango viwili vya ndugu zake, na haukupita muda vyote viwili vikaibwa. Mwaka 1999 yuko kwenye mkutano wa wasomi, anaonyeshwa slaidi, anakiona kimoja, kipo kwenye jumba la makumbusho la jimbo la Illinois. Kingine kikaja kuonekana kwenye makumbusho ya Hampton University, Virginia. Ilichukua miaka ya barua na kuombaomba mpaka 2007 ndo familia ikapokea kigango chake nyumbani, na yule mzee alikuwa ameshafariki zamani. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver nayo ikakubali kurudisha 30. Mimi si Mgiriama na siwezi kuwasemea, ila kama fundi ninajua kinachotokea ukilitoa gango kabla ya wakati wake. Huoni siku hiyohiyo. Kiti kinasimama vizuri tu mbele ya mteja.

Mdogo wangu alikaa na ile antena miezi minne na nusu. Kila nikienda nilikuwa naangalia ngozi pembeni ya pini kama imevimba, tunasafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa kama tulivyoelekezwa, na kila wiki alikuwa anauliza hivi hiki kitu kinafanya nini maana hasikii chochote. Nikamsimulia yule Mrusi, Gavriil Ilizarov, aliyekuwa daktari huko Kurgan, Siberia, na kuanzia miaka ya 1950 akatengeneza ile aina nyingine ya pete za chuma zinazozunguka mguu na waya zinazopita kwenye mfupa, pete zimeshikana kwa vyuma vyenye hesi na nati. Akagundua ukizungusha nati taratibu, milimita moja tu kwa siku, mfupa uliokatwa unaota mfupa mpya katikati, mguu mfupi unarefuka. Milimita moja! Ukikimbilia mbili mfupa unashindwa kuota. Mdogo wangu akasema huyo babu angemwelewa. Nikamwambia wangekaa karakana moja wasimalize maneno hata kama kila mmoja anaongea cha kwao.

Siku ya kuvitoa nilikuwepo. Pini zikitoka zinaacha vitobo vidogo, vinaziba vyenyewe. Nilimuomba nesi nikiangalie kile kifungio, akanipa mkononi, kizito kwa udogo wake, taya mbili na nati katikati, nikakizungusha. Nikakirudisha maana kinachemshwa kinaenda kwa mwingine.

Babu alikuwa hayupo tena wakati huo, sikuwahi kumwambia. Magango yake mawili ninayo mimi, mengine mawili yaliliwa na mchwa. Kwenye karakana yangu nimeandika kwa chaki juu ya rafu, MAGANGO, na kijana ninayefanya nae kazi alipoanza alisoma akacheka kidogo, nikamuita nikamwambia kaa, nikamsimulia kuanzia mwanzo kama nilivyowasimulia nyinyi hapa, mabanzi ya yule bibi na mdogo wangu na kibao cha mlangoni. Hakucheka tena. Jumatatu iliyopita mteja alikuja na kitanda cha mtoto kimefunguka kona, na kabla sijasema kitu kijana kashaipaka gundi, anarudisha mkono nyuma bila kugeuka, anasema "gango".

Sa hivi naandika hapa ni saa nne usiku na kiti cha mama kipo nyuma yangu, kile cha kukalia akisali, mguu wake wa mbele ulikuwa unacheza tangu mwezi wa Ramadhani na mimi najidai niko bize. Nimekifungua leo, nimekwangua gundi yote ya zamani, nimepaka mpya, nimeweka gango la mvule la babu. Ushanga umetokea sawasawa. Mama alikuja mara moja kuchungulia akataka kulishika, nikamwambia mama, mwache alale. Akanitazama muda mrefu. Akasema hiyo sauti ni ya baba yangu, akaenda kulala, na mimi kesho baada ya adhuhuri ndo nalifungua.